Boksi jipya la hadwea au sanduku la mzee wa Matondoni? Vifaa vya mkono vya seremala, kimoja kimoja

Mtoto wa kaka yangu amemaliza kujifunza useremala mwaka huu, ana pesa kidogo aliyoweka mwenyewe na pesa hiyo ikamletea mtihani. Upande mmoja kuna boksi jipya kwenye hadwea, limepangwa vizuri, lina msumeno, patasi nne za mpini wa plastiki, randa ndogo ya chuma, nyundo, skwea na futi. Upande wa pili kuna mzee wa kijiji cha Matondoni hapa kisiwani, fundi wa majahazi tangu ujana wake, macho sasa yamempunguka na anauza sanduku zima, tezo mbili, randa tatu, misumeno miwili, patasi za kila saizi na keekee yake ya kutobolea. Bei karibu sawasawa. Akanijia baada ya swala ya isha, "Ami, nichukue lipi?" Nikamwambia siwezi kukujibu tukiwa tumekaa barazani, kesho twende tukashike kimoja kimoja kwa mkono.

Tukaenda kotekote, na haya ndiyo tuliyoyaona. Nayaandika kirefu manake najua kuna vijana wengi hapa Lamu na kule Malindi wako kwenye njia panda hiyohiyo.

Kwanza mbao. Mtu akisoma au akitazama video za Ulaya na Marekani kuhusu vifaa ajue wale mara nyingi wanafanyia kazi paini, mbao laini ambayo hata patasi mbovu inaiingia. Sisi hapa mlango ni mbambakofi, au mvule ukijaaliwa kuupata, fanicha ya bei nafuu ni mwembe, boriti ni mikoko. Mbambakofi ukiupiga na chuma laini chuma ndicho kinachosalimu amri. Na mvule una jambo lake ambalo wengi wanalijua kwa kuumia tu, ndani ya mti kunakuwa na vijiwe, ni kama chokaa iliyogandia ndani ya mbao yenyewe, kwa nje huvioni kabisa. Nilikuwa nachonga mwimo wa mlango mwaka fulani, patasi inakwenda vizuri, nyuzi zinakatika safi, mara nikasikia kach! Nikaitoa nikaitazama kwenye mwanga, makali yamemegeka pengo kama ukucha wa mtoto mchanga. Ilinichukua karibu nusu saa kwenye kinoo kulitoa lile pengo lote. Kwa hivyo ndugu zangu swali langu la kwanza kwa kifaa chochote huwa ni moja tu, je hiki kinanoleka na kikinolewa kinakaa? Mwonekano wake wa siku ya kwanza haunipi taarifa yoyote.

Patasi ndizo zilizotuchukua muda mrefu kuliko vyote, na ni haki yake, kwa sababu hapa kwetu kazi inayolipa ni nakshi na milango. Tangu UNESCO waiweke Lamu kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001 wenye majumba wanaotengeneza nyumba za mawe wanataka mlango uliochongwa kwa mkono, miimo, mfaa wa katikati, ubao wa juu wenye maandishi au maua. Hiyo ni kazi ya patasi kutoka asubuhi mpaka jioni.

Jaribio tulilofanya ni hili. Chukua tupa ndogo, ya meno laini, iguse kidogo kwenye ncha ya patasi, pembeni, karibu sana na makali. Chuma kilichokazwa vizuri tupa inateleza juu yake na inalia sauti nyembamba kama kioo. Chuma laini tupa inauma, inatoa unga. Usijaribu karibu na mpini kwa sababu kule patasi hata iwe nzuri vipi inaachwa laini kwa makusudi ili isivunjike. Muuzaji wa hadwea hakufurahi sana lakini alituruhusu, na tupa ikazama kwenye patasi ya kwanza kama inakata msumari. Ya pili vilevile. Ya inchi moja ilikuwa afadhali kidogo.

Hili naliongea kwa uchungu kwa sababu mimi mwenyewe nilipoanza nilinunua seti ya patasi nne Mombasa, zinang'aa, na kwenye mbambakofi makali yalikuwa yanajikunja kama karatasi kabla sijamaliza tundu moja. Miezi kadhaa nilikuwa naamini mkono wangu ndio mbaya, kwamba sijui kunoa, nilinoa mpaka vidole vikachubuka na bado siku ikiisha patasi ni butu. Siku fundi mmoja aliponipa yake nishike nikaona tundu linatoka na kona zake zote nne, ndipo nikafahamu. Kijana asipitie hayo, ndiyo maana nikashika tupa kwenda nayo dukani.

Patasi za mzee nazo hazikuwa zote nzuri, tusidanganyane, si kila cha zamani ni dhahabu. Sanduku lilikuwa na kumi na moja. Mbili zilikuwa zimeliwa na kutu upande wa mgongo, ule upande bapa, vishimo vimefika mpaka kwenye makali. Patasi ikiwa na vishimo hapo achana nayo kwani makali yanaumbwa na pande mbili zinazokutana, mkato, ule upande ulioinama, na mgongo, na kama mgongo una shimo basi kila ukinoa utakuta meno kama ya msumeno. Moja nyingine ilikuwa na rangi ya buluu kwenye ncha, maana yake mtu aliipeleka kwenye grinda akaiunguza, ugumu umetoka. Hiyo unaweza kuiokoa ukikata sehemu yote iliyoungua ukatengeneza makali upya, ikiwa bado ndefu. Zilizobaki nane tupa iliteleza juu ya zote.

Kuhusu mpini, plastiki inavumilia nyundo ya chuma na hainywi unyevu, na kwa fundi anayefanya kazi za saiti, kufunga vitasa na kurekebisha fremu, mimi sioni ubaya wake. Kwa kukaa siku nzima na nakshi napenda mti, unashikika hata mkono ukiwa na jasho na ukipasuka unachonga mwingine mwenyewe. Mpera unatoa mpini mzuri sana, mkaidi haupasuki ovyo. Na usipige mpini wa mti kwa nyundo ya chuma, tafuta gogo la mkwaju ujitengenezee nyundo ya mti, inadumu miaka.

Halafu patasi si aina moja. Ile ya kawaida yenye mbavu zilizopunguzwa kwa juu inaingia kwenye pembe kali za kiungo. Juba ni nyembamba lakini nene kwa mwili, hiyo ni ya kutobolea matundu ya ulimi, pale ncha ya mbao moja inapochomekwa ndani ya nyingine, unaipiga na kuibinua bila huruma. Bobari ina tumbo la duara, na bila bobari nakshi za maua hazitoki, utabaki kuchora mistari tu. Boksi la hadwea lina aina ya kwanza peke yake. Sanduku la mzee lilikuwa na juba mbili na bobari hakuna, mzee alikuwa mtu wa majahazi hakuwa na haja nazo.

Na pembe ya mkato, hapa wengi hupotea kwa kunoa patasi zote sawa. Digrii 25 inafaa mbao laini na kazi ya kusukuma kwa mkono. Kwa mbambakofi na kwa chochote unachokigonga nenda 30. Huna kifaa cha kupimia pembe? Pima unene wa patasi, halafu pima urefu wa ule mkato ulioinama kutoka kwenye makali mpaka unapoishia. Mkato ukiwa mara mbili ya unene basi uko kwenye digrii 30. Ukiwa mara mbili na zaidi kidogo ya theluthi uko karibu na 25. Futi peke yake inatosha.

Tezo na randa watu huvilinganisha kama vile kimoja kinaweza kuchukua nafasi ya mwenzake, na kwa kweli havigombani. Tezo, yenye chuma kilichokaa kama jembe, inaondoa mzigo wa mbao, randa inasawazisha kilichobaki. Pale Matondoni ukimtazama fundi anavyoandaa mataruma, zile mbavu za jahazi, utaona kwa nini randa haiwezi. Taruma linatokana na mti uliopinda wenyewe, na ndani na nje yake lazima lifuate mwili wa chombo, randa yenye kitako kilichonyooka itagusa sehemu mbili na kuelea katikati. Tezo inafuata. Fundi mzoefu anapitisha tezo kwenye mkuku, ule mti wa chini wa jahazi, mpaka ukiteleza mkono juu yake unahisi vibonde vidogo vidogo tu kama ngozi ya tunda, na vibanzi vinavyotoka ni vyembamba kiasi kwamba upepo unavichukua.

Ukifika Malindi kwa wachongaji wa vinyago, wengi wao Wakamba, utakuta tezo ya namna nyingine, mpini mfupi wenye rungu kichwani, mkia wa chuma umechomekwa ndani ya lile rungu, na kila ukipiga chuma kinazidi kukazana. Kikiwa butu unakigonga, kinatoka, unanoa, unakirudisha. Unashika kwa mkono mmoja na mkono wa pili umeshika kinyago. Hiyo kwa seremala wa kawaida ni tezo nzuri ya kuanzia, ya jahazi yenye mpini mrefu ni nzito na inakujia kuelekea miguuni, atakayeishika bila kufundishwa atajikata muundi. Chuma chake mara nyingi ni springi ya gari iliyofuliwa na mhunzi, na springi ni chuma kizuri kwa tezo kwa sababu kinavumilia kupigwa bila kukatika. Kilichofuliwa kutokana na tupa ya zamani kinakuwa kikali ajabu lakini mhunzi asipojua kukipunguza ugumu kinakatika kama biskuti, hapo uliza kabla ya kutoa pesa.

Boksi la hadwea halina tezo kabisa. Kijana wetu anataka kufanya milango na fanicha, si majahazi, kwa hivyo nikamwambia moja ndogo inamtosha, kwa kupunguza ubao mnene na kutengeneza miguu ya kiti.

Sasa randa. Kwenye sanduku tulikuta mbili za mbao na moja ya chuma, Record, zilizokuwa zikitengenezwa Sheffield kule Uingereza, namba 5. Kwenye boksi kulikuwa na ile fupi kama namba 4 kwa umbo.

Hizi namba zina historia yake. Leonard Bailey wa Marekani ndiye aliyebuni mtindo wa randa ya chuma yenye skrubu ya kupandisha na kushusha ulimi, yaani kile chuma chake kinachokata, na kampuni ya Stanley ikanunua haki zake mwaka 1869, tangu hapo karibu kila randa ya chuma unayoiona imefuata umbo hilo na namba hizo. Namba 4 ni ya kumalizia, fupi, kama inchi 9 na nusu. Namba 5 ina inchi 14, inafanya kidogo ya kila kitu. Namba 7 ina inchi 22, ni ya kunyoosha mbao ndefu za kuunganisha ubavu kwa ubavu. Ukiwa na pesa ya randa moja tu, shika namba 5, mimi sina shaka kwa hili. Randa fupi inapanda na kushuka na mawimbi ya ubao, ndefu inaruka juu ya bonde na kukata kilima, ndivyo ubao unavyonyooka.

Tulipoigeuza ile ya boksi tukaweka ukingo wa futi kwenye kitako chake tukaiinua dhidi ya mwanga wa mlangoni, mwanga ukapita katikati, pana. Kitako hakijanyooka. Unaweza kukinyoosha kwa kukisugua kwenye msasa uliogundishwa juu ya kioo kinene, nimewahi kufanya hivyo, ni kazi ya siku nzima na mkono unakufa. Na ulimi wake ni mwembamba, ukifika kwenye kifundo unatetemeka na kuacha mistari kama ngazi. Ya mzee ilikuwa na kutu ya juu tu na kitako kilikuwa sawa. Kitu cha kuogopa kwa randa ya chuma iliyotumika ni ufa, tazama pembeni ya mdomo pale ulimi unapotokea na kwenye mbavu za juu, hizi ni chuma cha kumimina, ikianguka mara moja sakafuni inapasuka na haina dawa ya maana.

Za mbao sasa. Nazipenda na nitasema kwa nini. Nyepesi, zinateleza juu ya ubao bila kukwama, zikianguka zinaamka, na kwa upepo huu wetu wa chumvi zina sehemu moja tu ya kushika kutu. Lakini zinataka sikio. Hakuna skrubu, ulimi umebanwa na kabari, ukitaka ukate zaidi unagonga kichwa cha ulimi kidogo kwa nyundo, ukitaka upungue unagonga kisigino cha randa yenyewe, halafu unakaza kabari tena. Mwanzoni utagonga mara ishirini ukipata maranda mazito upande mmoja na upande wa pili hakuna kitu. Baada ya mwezi unagonga mara mbili. Shida nyingine ni masika, mti unavimba, kabari inakwama, na kitako nacho kinalika polepole miaka ikienda mpaka mdomo unakuwa mpana. Moja kati ya zile mbili mdomo ulikuwa umeshapanuka hivyo, inafaa kazi ya kwanza ya kuparua tu. Ya pili ilikuwa nzima.

Kwa anayejifunza peke yake bila fundi pembeni nasema chuma. Kwa aliye na mtu wa kumwonyesha, mbao inafundisha mkono vizuri zaidi na bei yake ni ndogo.

Msumeno nitaenda haraka kwa sababu hapa boksi lilishinda, na namwambia kila mtu bila aibu. Msumeno wa kisasa wenye ncha za meno zenye rangi nyeusi au buluu ni wa meno yaliyokazwa kwa moto, unakata vizuri kuanzia siku ya kwanza na unakaa mkali muda mrefu, ila tupa haiwezi kuunoa, ukiisha umeisha. Kwa plaiwudi, kwa mbao chafu zenye mchanga na misumari ya zamani, kwa boriti, huo ndio uchukue, usiuharibu msumeno wa mzee huko. Msumeno wa zamani ni kwa kazi ya viungo na kwa kupasua. Na angalia meno yake ni ya nini. Wa kupasua, unaokwenda na nyuzi za mti, meno yake yamenolewa mraba kama patasi ndogo ndogo zilizopangwa foleni, na ni makubwa, kama matano kwa inchi. Wa kukata, unaokwenda kinyume cha nyuzi, meno yamelala kiubavu kama visu, manane mpaka kumi kwa inchi. Kijana akikata mbambakofi kwa urefu na msumeno wa visu atatoka jasho mpaka adhuhuri akidhani ni udhaifu wake. Wa mzee ulikuwa wa kupasua, bamba halijapinda, ukilikunja linarudi. Ule wa pili ulikuwa umepinda kama upinde, tuliuacha.

Keekee nimeiweka peke yake kwa sababu ndiyo iliyomvutia mtoto kuliko vyote na ndiyo niliyomkataza kwanza, halafu nikabadili mawazo kidogo. Kama hujaiona, ni kijiti kilichosimama chenye chuma cha kutobolea chini, juu kuna kishikio unachokikandamiza, na kamba ya uta imezungushwa kwenye kijiti mara moja, unavuta uta mbele na nyuma na kijiti kinazunguka huku na huku. Mzee aliishika ijapokuwa macho hayaoni vizuri akatoboa ubao wa mwembe mbele yetu, uta unakwenda kama mtu anapiga zeze, na unga mweupe unatoka mfululizo. Chuma chake kimenolewa pande zote mbili kwa sababu kinakata kwenda na kurudi.

Mafundi wa majahazi waliishika kwa sababu ya misumari. Msumari mrefu wa jahazi ukiupigilia kwenye ubao mgumu bila kutoboa kwanza ubao unapasuka, na ubao wa jahazi uliopasuka ni maji ndani ya chombo. Keekee inatoboa tundu jembamba, lililonyooka, polepole, unahisi kila kinachotokea chini. Pale ufukweni hakuna stima, na kamba ikikatika unafunga nyingine.

Bresi, ile ya mkono wenye kiwiko unaozungusha, inafanya tundu kubwa ambalo keekee hailiwezi. Ina nguvu kwa sababu ya ule mzunguko mpana na ncha ya skrubu inajivuta yenyewe ndani ya mti. Kwa vitasa vya milango, kwa kutoa mbao za tundu la ulimi kabla ya kuingiza juba, bresi ni bora mara kumi. Drili ya betri inazishinda zote mbili kwa mwendo, hilo halina mjadala, na mafundi wa mjini wote tunazo. Ila betri ikichoka hapa kisiwani huipati kila duka, inangojewa kutoka bara mpaka ivuke na boti kutoka gati la Mokowe, na ya bei rahisi inachoka mapema. Kwa hiyo kwa kijana wa milango: bresi ya zamani akiipata, drili ya betri baadaye kazi ikilipa, na keekee aichukue kama mzee anaiuza pamoja na sanduku, akipata kazi ya mashua siku moja itamlisha.

La mwisho ambalo halikuwemo kwenye boksi wala kwenye sanduku ni kinoo, na bila hicho yote tuliyosema hapo juu ni chuma tu. Cha mzee kilikuwa kimelika katikati kama tandiko la punda, patasi ukiinoa hapo makali yanatoka ya mviringo. Kuna njia tatu ninazoziona kwetu. Kinoo cha mafuta cha pande mbili ni kigumu, kinadumu, kinakata polepole, na tafadhali usitie mafuta ya nazi, yanashika uchafu na kuziba vitundu vya jiwe, tumia mafuta ya taa au mafuta mepesi ya cherehani. Kinoo cha maji kinakata haraka na makali yake ni mazuri sana lakini kinalika haraka pia, inabidi ukisawazishe kila mara, na maji yawe ya kunywa, si ya bahari. Ya tatu ni msasa wa maji juu ya kioo, unaanza na 220 kama kuna pengo, halafu 400, 800, mpaka 1000 na zaidi, kuanza ni rahisi kuliko vyote kwa pesa ila msasa unanunua kila wiki, kwa mwaka umeshalipia kinoo. Grinda ni ya kuondoa pengo kubwa tu, na chovya kwenye maji kila baada ya kugusa mara mbili tatu, ukiona rangi ya buluu umeshachelewa.

Unajuaje makali yamekutana? Noa upande wa mkato mpaka ukipitisha kidole upande wa mgongo, kutoka ndani kwenda nje, unahisi kaunyuzi kadogo ka chuma kameota urefu wote wa makali. Kakikosekana sehemu, hapo bado. Kisha laza mgongo bapa kabisa kwenye kinoo ukatoe. Mafuta ya nazi hapo ndiyo mahali pake, tia tone kwenye kitambaa upanguse chuma chote kabla ya kukiweka, hasa miezi ya kusi, kwa kuwa chuma ulichokiacha kitupu usiku mmoja karibu na bahari unakikuta asubuhi kimeshaanza kuwa na rangi ya chai.

Basi tulivyomaliza tulirudi kwa mzee, na kijana hakuchukua sanduku lote wala boksi lote. Kwa mzee alichukua patasi nane na juba zikiwa ndani ya hesabu hiyo, Record namba 5, randa moja ya mbao, msumeno wa kupasua, tezo ndogo na keekee. Tezo kubwa mzee mwenyewe aliirudisha ndani, akasema hiyo bado. Dukani kijana akanunua msumeno wa meno meusi peke yake, skwea aliyoijaribu kwanza kwa kuchora mstari na kuigeuza kuchora tena palepale ili aone mistari inalaliana, na kinoo cha mafuta. Pesa iliyobaki akanunua tupa ya pembe tatu kwa ajili ya msumeno wa mzee.

Wiki ya kwanza hakukata ubao hata mmoja, amekaa uani kwangu ananoa patasi moja baada ya nyingine, na bobari bado hatujapata. Tumempelekea mhunzi kipande cha springi na mchoro wa duara tunayoitaka, upana nusu inchi.